Sindano ya taya: msuli umelegea, kiungo bado kinagonga

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 19 mdomo wangu umekuwa kimto cha pini: nne upande huu, tatu upande ule, na uzi naukata kwa meno kwa sababu mkasi daima uko mwisho wa meza. Nikishona zipu nauma meno bila kujijua, utadhani zipu inanyooka kwa nguvu za taya. Usiku nasaga. Mume wangu alidhani ni panya anayetafuna mguu wa kabati, akatega mtego, akabadilisha chambo, akatega tena. Usiku mmoja akawasha taa, akaniinamia, akasikiliza, kisha akaniamsha: "Mama watoto, panya ni wewe."

Nimeshachomwa duru mbili za sindano za taya, zile za kulegeza misuli ambazo wengi tunaziita botoksi. Ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Ya pili ilinirudishia asubuhi zangu. Dawa ilikuwa ya aina ileile, kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "botoksi ya taya haifai" au "botoksi ya taya ni muujiza", uliza kwanza nani alichoma, na alichoma wapi.

Maumivu yangu yalikuwa yanaanzia chini ya sikio la kulia, yanapanda panja, yanajibanza nyuma ya jicho. Nilikuwa naamka taya limechoka kama la mtu aliyetafuna kamba usiku kucha. Nilitibiwa sikio mara mbili, na sikio lilikuwa zima. Nikatibiwa kipanda uso. Kupiga miayo kukawa jambo la kujipanga: nashika kidevu kwa kiganja, nafungua polepole, halafu tak, mlio mbele ya sikio, kama kishikizo cha kubonyeza kinapoachia. Mwishowe gego la juu likapasuka nikiwa usingizini. Daktari wa meno aliyelitengeneza ndiye wa kwanza kuniambia kwamba nasaga meno, kwamba misuli yangu ya kutafunia imenenepa kwa kazi za usiku, na kwamba kiungo cha taya nacho kimeanza kulalamika.

Alinipa kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku kwenye meno ya juu. Baada ya miezi michache kilikuwa na mikwaruzo mirefu, nikamshukuru Mungu kwamba mikwaruzo ile haiko kwenye meno yangu. Ila kifaa kile kazi yake ni kama ya subana. Kidole hakichomwi, lakini mshono unaendelea. Taya liliuma vilevile.

Basi rafiki yangu aliyekuwa ameondolewa mikunjo ya paji la uso akaniambia palepale wanachoma na taya. Mahali sipataji. Nilikaa kwenye kiti, dada mwenye glavu akaniambia nitabasamu, akapiga picha, akachoma. Dakika saba, nimetoka. Hakuniambia niume meno. Panja hakuzigusa. Nilipomuuliza ameweka yuniti ngapi, yaani kipimo cha dawa, akajibu, "Zinatosha." Mimi mteja akiniuliza kitambaa kinataka mita ngapi, nikamjibu "zinatosha", atabeba kitambaa chake aondoke. Mimi sikuondoka. Nililipa na kusema asante.

Siku ya tisa tabasamu likapinda. Upande wa kushoto mdomo ulifunguka kama kawaida, wa kulia ukafika nusu ya safari ukasimama. Baadaye nilielezwa kwamba juu ya msuli wa kutafunia, kuelekea mbele, unapita msuli mwembamba unaovuta pembe ya mdomo mtu anapocheka. Sindano ikiingia mbele mno, au juujuu mno, dawa inasambaa hadi huko. Na ikishasambaa hakuna cha kuirudisha, unasubiri iishe nguvu. Nilisubiri wiki saba. Wateja walidhani nimenuna. Mmoja aliniuliza kama kuna deni amesahau. Maumivu ya panja hayakupungua hata chembe, na yangepunguaje wakati hakuna aliyezigusa?

Nilikaa miezi mitano kabla ya kujaribu tena, safari hii kwa daktari wa meno ambaye kazi yake kubwa ni maumivu ya taya na uso. Miadi ya kwanza ilichukua dakika arobaini na sindano sikuiona kabisa. Aliniambia nifungue kinywa, akapima kwa rula ndogo kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini: milimita 34 kabla maumivu hayajaanza, 39 nikijikaza. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha 40 au zaidi. Kama huna rula, jaribu kuingiza vidole vyako vitatu wima kati ya meno.

Halafu akaweka vidole kwenye mashavu yangu. "Mama, uma." Nikauma, na mwenyewe nikahisi msuli ukitokeza chini ya vidole vyake kama mpira mdogo. "Legeza. Uma tena." Alitembeza kidole taratibu hadi akapata nukta moja chini ya shavu, akabonyeza, na maumivu yakarukia kwenye lile gego lililotengenezwa. Nilishtuka, nikamwambia jino limeoza tena. Akagongagonga jino kwa mpini wa kioo chake: kimya, haliumi. Akabonyeza shavu: jino likauma. "Jino halina kosa," akasema. "Anayelia ni msuli, ila anatumia sauti ya jino."

Mwisho akaweka kidole mbele ya sikio. Fungua, funga. Tak. "Hiki sasa ni kiungo," akasema. "Sindano ya kulegeza msuli haitibu hiki." Laiti mtu angeniambia sentensi hiyo mwaka mmoja kabla.

Maana nilikuwa nimebeba magonjwa mawili nikidhani ni moja. Kuna misuli: ule mnene wa shavuni unaoitwa maseta, na ule mpana unaotandaa kwenye panja. Na kuna kiungo chenyewe, pale taya linapokutana na fuvu mbele ya sikio, na katikati yake kuna diski ndogo inayozuia mfupa usisagane na mfupa. Diski yangu ya kulia imeteleza kwenda mbele. Nikifungua kinywa, mfupa unairukia kurudi mahali pake, na huo ndio mlio. Botoksi haijui lolote kuhusu diski. Inachoweza ni kupunguza nguvu ya misuli inayokikandamiza kiungo, na hapo kiungo kikapata nafuu kwa kupunguziwa mzigo.

Sindano za kuingia ndani ya kiungo zipo, lakini ni tiba nyingine kabisa. Kuna za steroidi za kutuliza uvimbe, ambazo hazirudiwirudiwi kwa sababu zinaweza kula gegedu. Kuna za asidi ya hayaluroniki ya kulainisha, na kuna kukiosha kiungo kwa maji yanayoingizwa kwa sindano. Nilikuwa tayari kupokea zote, nimechoka. Daktari alikataa. Mlio peke yake, kama hauumi na kinywa hakikwami, huachwa kama ulivyo. Kilichokuwa kikinisumbua zaidi ni misuli.

Nilimuuliza kama ni kweli dawa hii ni sumu. Ni sumu, tena miongoni mwa kali kabisa zinazojulikana. Inatengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na jina limetokana na neno la Kilatini la soseji, kwa sababu miaka ya 1820 daktari wa Kijerumani, Justinus Kerner, aliandika habari za watu waliopooza na kufa kwa kula soseji zilizoharibika. Aliyeigeuza kuwa tiba ni Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco aliyetaka kunyoosha makengeza bila kutumia kisu. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojifumba zenyewe, mwaka 2002 kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, mwaka 2010 kwa kipanda uso sugu. Taya halimo kwenye idhini hizo. Madaktari wanaitumia hapo kwa uzoefu na uamuzi wao, na karatasi niliyotia saini ilisema hivyo waziwazi. Nilipenda kuambiwa. Kule kwa dakika saba sikuona karatasi yoyote.

Inavyofanya kazi, nilielewa hivi. Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye msuli. Dawa hii huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayoitoa kemikali hiyo nje. Amri inafika mlangoni, mlango haufunguki. Msuli haufi, na neva hujitengeneza upya taratibu, kwa hiyo baada ya miezi mitatu au minne nguvu hurudi. Ubongo nao hauambiwi chochote: usiku unaendelea kuamuru taya lisage, ila amri inatekelezwa kwa uvivu. Ndiyo maana kifaa cha plastiki nakivaa mpaka leo.

Siku ya kuchoma alianza kwa kuchora. Penseli nyeupe, mstari kutoka pembe ya mdomo hadi kwenye ndewe ya sikio, na nukta zote za shavuni zikakaa chini ya mstari huo, nyuma, mbali na msuli wa kucheka. Nilicheka mwenyewe pale kitini, maana hata mimi sigusi mkasi kabla ya chaki. Kisha akanionyesha chupa iliyotoka kwenye friji. Ndani kuna unga mdogo mno, ukungu tu kwenye kitako cha kioo, na humo zimo yuniti 100. Akaingiza maji ya chumvi, akaizungusha chupa taratibu bila kuitikisa.

Aliweka yuniti 25 kila shavu kwa nukta tatu, na 10 kila panja kwa nukta mbili. Akaniandikia kwenye kadi pamoja na jina la dawa, kwa sababu yuniti ya Botox si sawa na yuniti ya Dysport, chapa nyingine ya dawa ya aina hiyo. Ukienda kwa mwingine ukasema "niwekee 25" bila kutaja ya dawa gani, umepeleka vipimo bila kusema ni vya inchi au vya sentimita.

Kuhusu maumivu ya kuchomwa: sindano yangu ya cherehani ya vitambaa vyepesi, namba 11, ina unene wa milimita 0.75. Yake ilikuwa kama 0.3. Nikajisemea hii ni michezo ya watoto. Shavuni kweli ilikuwa hivyo, mchomo wa siafu halafu uzito kidogo. Panja ndiyo iliyonifundisha adabu. Hapo ngozi na mfupa ni majirani, na nilisikia ndani ya kichwa sauti ya kitu kikikwaruza, kama mtu anayekanyaga mchanga. Jicho la kushoto lilitoa machozi peke yake, la kulia likakaa kimya. Yote kwa yote haikuzidi dakika kumi. Niliambiwa nisisugue, nisilale kwa saa nne, nisifanye kazi nzito siku hiyo. Kutosugua ndiko kulikonishinda, maana miaka yote hiyo nimezoea kukanda shavu nikiwa nafikiri. Ilibidi nishike kipande cha kitambaa mikono yote miwili hadi jioni.

Siku tatu za kwanza hakuna kilichobadilika, nikaanza kuhesabu hasara. Siku ya tano nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, nikauma meno kama kawaida yangu, na taya likakubali nusu. Wanaotumia cherehani ya miguu wanajua mkanda ukilegea: gurudumu linazunguka, sindano haishuki. Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kumi na moja niliamka, nikabaki nimelala nikitafuta maumivu kama mtu anavyopapasa miwani yake kitandani. Chini ya sikio hakuna. Panja, hakuna. Nikapiga miayo bila kushika kidevu.

Tak. Mlio ulikuwepo. Lakini haukuuma.

Wiki ya nne alinipima tena: milimita 42 bila maumivu. Kichwa kilichokuwa kinaniuma karibu kila siku kiliniuma mara mbili mwezi mzima. Lile gego "bovu" limenyamaza kabisa.

Sasa ubaya wake, na hapa watu huwa wanapita mbio. Kutafuna kunachosha. Wiki mbili hadi sita, chakula chochote kigumu kilinifanya nipumzike katikati ya sahani, taya limeishiwa kama miguu baada ya ngazi nyingi. Panja ya kushoto ilivilia damu na kubaki na doa la zambarau kwa wiki nzima. Wiki ya pili kukatokea kinundu upande mmoja kila nilipouma. Daktari alisema kuna sehemu ya msuli ambayo dawa haikuifikia, sasa inafanya kazi ya wenzake. Aliongeza yuniti chache pale, kikaondoka. Uso nao umepungua upana, kwa kuwa msuli usiotumika hukonda. Wapo wanaochomwa kwa ajili ya hilo tu. Mimi sikuliomba, na mdogo wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama.

Kuna pia suala la mfupa. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kwamba misuli ya taya ikilegezwa, mfupa wa pale kwenye kiungo hupungua kwa kukosa mzigo. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana. Daktari wangu kwa sababu hiyo hataki nijiwekee ratiba ya kuchomwa kila miezi mitatu hadi uzeeni. Tena kuchoma mapema mno kunaweza kuufanya mwili uizoee dawa na kuikataa, kwa hiyo duru mpya haanzi chini ya wiki 12.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa kulegea misuli kama myasthenia gravis hawachomwi, na ukiwa unatumia antibayotiki kama gentamicin useme kabla hujakaa kwenye kiti. Ukishachomwa, ukaona unashindwa kumeza, sauti inabadilika au pumzi inakuwa nzito, unakwenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kesho.

Kama ni kugawa nyota: kwa msuli naipa nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu haidumu na kwa sababu ya uchovu wa kutafuna. Kwa mlio wa kiungo naipa sifuri, na sifuri hiyo si kosa lake, haikuahidi. Kwa maumivu ya kiungo, mbili na nusu: yamepungua, hayajaisha, nikicheka kwa muda mrefu yanakumbusha kwamba yapo. Yule wa dakika saba simpi kitu.

Halafu kuna tiba ambayo haikuingia kwenye sindano yoyote, na nadhani ndiyo itakayoamua kama nitahitaji duru ya tatu. Midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umelala juu nyuma ya meno ya mbele. Hiyo ndiyo hali ya taya lililopumzika. Nilikuwa sijui! Nilidhani watu wote hukaa meno yamebanana. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kichwa cha cherehani, kila nikiuona naachanisha meno. Pini zimehamia kwenye kimto cha kufunga mkononi. Mkasi nimeufunga kamba shingoni. Wiki ya kwanza nilijichoma kifundo cha mkono mara nne kwa sababu mkono ulikuwa unapeleka pini mdomoni, unakumbuka njiani, unageuza vibaya.

Leo ni wiki ya kumi na nne tangu duru ya pili. Asubuhi bado ni nyepesi, ila juzi nimeuma meno nikishona kola na taya limekubali lote. Jana usiku mume wangu amesema panya amerudi, lakini ni mdogo. Miadi ni Alhamisi, ya kupimwa tu kwanza. Rula itaamua. Kadi ya yuniti nimeshaitia kwenye mkoba.